Miaka 60 ya Msondo, bendi iliyowazika waajiri wake watatu

Mwaka 2024 Msondo Ngoma ilitimiza miaka 60. Lakini itaje mbele ya watu watatu wa Dar es Salaam waliopishana umri, na kila mmoja atakurudishia jina lake. Aliyekuwa kijana wakati wa Azimio la Arusha atasema Nuta Jazz. Aliyemalizia ujana wake kwenye foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 atasema Juwata. Mtoto wa enzi za kaseti atasema Ottu. Wote wanaizungumzia bendi ileile, na hakuna aliyekosea. Ila majina hayo matatu hayakuwa ya bendi hata siku moja, yalikuwa ya mwajiri. Chama cha wafanyakazi kikibadilishwa jina, nayo bendi inabadilishwa.

Waajiri hao wote leo hawapo. NUTA ilikufa, JUWATA ikafuata, OTTU nayo ikavunjwa. Kilichobaki ni jina la mtindo, lile lililokuwa likitajwa na mashabiki ukumbini wakati barua za ofisini zikitaja jina jingine.

Chanzo cha yote ni maasi ya jeshi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliwaasi maofisa wao wa Kiingereza wakidai mishahara bora na vyeo kwa Waafrika. Serikali ya Nyerere ilizima maasi hayo kwa msaada wa wanajeshi wa Uingereza, kisha ikavigeukia vyama vya wafanyakazi. Viongozi kadhaa wa shirikisho la vyama hivyo, TFL, waliwekwa ndani wakishukiwa kuwa na mawasiliano na waasi. Shirikisho likavunjwa, na muda si mrefu ikapitishwa sheria ya kuunda chama kimoja cha wafanyakazi wote, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo chama kikaunda bendi.

Ni rahisi kusema kwamba bendi ilikuwa pambo tu. Mimi naona ilikuwa na kazi ngumu kuliko idara nyingine yoyote ya chama hicho. NUTA haikuanzishwa na wafanyakazi wenyewe. Iliteremshwa kutoka juu, na michango ikawa inakatwa kwenye mishahara. Chama cha namna hiyo kinahitaji kitu ambacho mwanachama atakipenda bila kulazimishwa. Kuli wa bandarini aliyekuwa hasomi taarifa za Katibu Mkuu alikuwa tayari kulipa kiingilio Jumamosi usiku.

Kabla ya hapo bendi nyingi za dansi zilikuwa klabu. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah 1948. Neno "jazz" kwenye majina hayo lilimaanisha tu kwamba hapa kuna magitaa, tarumbeta na watu wa kucheza. Wanachama walichangishana kununua vyombo, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Mapato ya mlangoni yakiwa mabaya, kila mtu alirudi nyumbani na usingizi wake.

NUTA iliubadilisha utaratibu huo. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani au dereva. Mwisho wa mwezi alipokea mshahara, ukumbi uwe ulijaa au ulikuwa mtupu. Gitaa lilikuwa la chama, saksafoni ya chama. Kwa watu ambao jamii ilizoea kuwaita wahuni, kuitwa mfanyakazi halikuwa jambo dogo. Wapo waliopata kuoa kwa sababu hiyo, maana mkwe aliyekataa kumwoza binti yake mpiga gitaa hakuwa na la kusema mbele ya mtumishi wa NUTA.

Mfano huo ulienea. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na bendi, Umoja wa Vijana wa TANU ukaanzisha Vijana Jazz, kukawa na bendi za jeshi, polisi na JKT, kukawa na UDA Jazz ya shirika la mabasi na Bima Lee ya Shirika la Bima. Ilifika wakati ukipanda basi, ukivaa kitenge au ukikata bima, mahali fulani palikuwa na mpiga besi aliyelipwa kwa fedha yako. Nchi nyingi zilizojiita za kijamaa zilikuwa na vikundi vya utamaduni vya kuonyeshwa wageni. Tanzania ilikuwa na bendi za dansi zilizopiga baa.

Miongoni mwa walioingia NUTA tangu mwanzo alikuwa Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Alikuwa ameshapitia Kilimanjaro Chacha na Rufiji Jazz. Sauti yake haikuwa ya kung'aa. Ilikuwa nzito kidogo, yenye ukavu wa mtu anayekusimulia jambo lililomkuta jirani yake, na ndiyo maana uliiamini. Baadaye, miaka ya 1970, alikuja Hassan Rehani Bitchuka kutoka Kigoma na sauti ya juu, nyembamba, inayopaa bila kukwaruza. Bitchuka akienda juu, Gurumo anabaki chini akimshikia. Nani katika hao wawili alikuwa mkubwa ni ubishi ambao wapenzi wa dansi hawajaumaliza, nami siutegemei uishe.

Mwajiri naye alikuwa na haki yake. Zilitungwa nyimbo za kuhimiza kazi, za umoja, za kulisifu Azimio la Arusha la mwaka 1967, za kuwaaga na kuwapokea viongozi. Baadhi zilipigwa vizuri sana. Lakini jaribu kuziomba leo ukumbini uone. Zinazoombwa ni za mume aliyesahau nyumbani, mke aliyechoshwa na mawifi, rafiki mwenye ulimi wa pande mbili, deni, msiba, safari isiyo na barua. Chama kililipa mishahara ili kisifiwe, kikajikuta kimefadhili hifadhi kubwa ya malalamiko ya ndoa kwa Kiswahili.

Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Vijana Jazz walikuja na Pambamoto, Maquis, wale waliotoka Kongo, wakawa na Ogelea Piga Mbizi. Mtindo ulikuwa namna ya kupanga mapigo, namna ya kucheza na bendera ya mashabiki, vyote kwa pamoja. Nuta Jazz walichukua msondo, ngoma ndefu ya watu wa pwani inayosikika kwenye shughuli za unyago. Gurumo, mtu wa Kisarawe, ndiye anayetajwa sana katika habari hiyo. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na utundu wake. Chama cha serikali, chenye ofisi na mihuri, bendi yake imejiita kwa ngoma ambayo mama mkwe anaijua zaidi kuliko waziri.

Tuusogelee wimbo mmoja wa Msondo, wowote ule wa miaka ya 1970, maana umbo ni lilelile. Unaanza na gitaa la solo peke yake, noti chache kama mtu anayebisha hodi. Wapulizaji wanajibu, tarumbeta na saksafoni pamoja, kwa sauti ya chini kidogo kuliko unavyotegemea. Kisha waimbaji wanaingia wawili au watatu, na kisa kinasimuliwa taratibu, ubeti kwa ubeti, rizimu ikizunguka pale pale na tumba zikitembea chini yake. Katika sehemu hii watu wanacheza wameshikana, au hawachezi kabisa, wanasikiliza wakitikisa vichwa. Halafu, kisa kinapofika pabaya, drams zinapigwa mara moja na mambo yanabadilika. Mwendo unaongezeka, maneno yanakwisha, wapulizaji wanashika kifungu kimoja kifupi na kukirudia bila huruma, solo linazunguka juu yake, na mwimbaji aliyekuwa analia dakika mbili zilizopita sasa anawataja wenzake kwa majina. Hapo ndipo shati linapolowa. Anayetunzwa anabandikwa noti kwenye paji la uso huku mikono yake haijaacha nyuzi.

Masikio yangu yanasema tofauti ya Msondo na wengine imo kwa wapulizaji. Kwenye bendi nyingi wanapamba, lakini hapa wanasukuma. Joseph Lusungu kwenye tarumbeta na Mnenge Ramadhani kwenye saksafoni walipuliza kama watu wanaoendelea na mazungumzo ya waimbaji, tena kwa ukali kidogo. Nyuma yao kwa muda mrefu alikuwapo Said Mabera na gitaa la solo. Aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi ikiwa bado ya Nuta. Hakutoka. Wenzake walihama, wakarudi, wakahama tena, majina yakapita juu ya kichwa chake kama mabango ya uchaguzi, na mpaka bendi ikawa Msondo Ngoma yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Siku wakiandika historia kamili ya gitaa la Tanzania, sura yake iwe ndefu.

Nyimbo hizo zilihifadhiwa na redio. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na zilizotoka zilichapwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, njia hiyo nayo ikawa ngumu. Ikabaki Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye barabara ya Pugu. Bendi iliingia studio na vyombo vyake, ikajipanga, ikapiga wimbo wote kwa mkupuo mmoja kama ukumbini, na akikosea mmoja wote wanaanza upya. Maneno ya wimbo yalikuwa yamekwisha kupitiwa kwanza. Kanda ikabaki kwenye rafu za redio, na wimbo ukaenda hewani mpaka Bukoba na Newala, kwenye vijiji ambavyo basi la bendi lisingefika kamwe. Mapungufu ya utaratibu huo nitayagusia, lakini bila redio hiyo tusingekuwa na cha kuadhimisha.

Mwaka 1977 TANU na ASP ziliungana kuwa CCM, na chama cha wafanyakazi nacho kikapangwa upya. NUTA ikawa JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania. Bendi ikaitwa Juwata Jazz, na karibu mara moja ikapata pigo.

Mwaka 1978 ilianzishwa bendi mpya iliyopewa jina la baa ya Mlimani Park, chini ya kampuni ya magari na teksi. Baadaye, mwaka 1983, ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Bendi hiyo iliwachukua Gurumo, Bitchuka na Abel Balthazar, na uongozi wa muziki ukashikwa na Michael Enoch, "King Enock", fundi mkongwe wa Dar es Salaam Jazz. Mtindo wakauita Sikinde, jina jingine la ngoma ya Kizaramo.

Kuhama huko kulitokana na mfumo wenyewe wa ajira. Vyombo ni vya mwajiri, kwa hiyo mwanamuziki akiondoka anaondoka na koo lake tu, na koo halihitaji kibali cha kuagiza kutoka nje. Katika miaka ya vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata, gitaa jipya au seti ya nyuzi ilikuwa hadithi. Mwenye vyombo vizuri ndiye aliyekuwa na sauti mezani. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound (OSS), naye aliwanyakua Gurumo na wenzake kutoka Mlimani, wakazaliwa wana Ndekule, kwa jina la mtindo wao. Kwa watazamaji ilikuwa raha tupu. Kwa viongozi wa bendi ilikuwa sawa na kujenga nyumba huku jirani anachomoa matofali.

Ila tazama kilichotokea Juwata. Sauti zake kubwa mbili zimeondoka, na ungetegemea bendi ife au igeuke kitu kingine. Haikufa wala haikugeuka. Waliingia vijana, akiwamo Shaaban Dede, mtunzi wa kalamu kali ambaye naye alizunguka kati ya kambi hizi mbili kwa miaka mingi hadi alipofariki Julai 2017. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaja Shaaban Mhoja Kishiwa, ambaye umma ulimjua kwa jina la TX Moshi William. TX zilikuwa herufi za namba za magari ya wataalamu wa kigeni, na mashabiki hawakuona ajabu mtu wao kuvishwa cheo hicho.

TX hakuimba kama Gurumo wala kama Bitchuka. Aliimba kama mtu anayejitetea barazani. Lakini wapulizaji walikuwa walewale kwa namna ya kupuliza, solo lilibisha hodi vilevile, na drams zilipokata, watu walilowa vilevile. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi cha thamani kuliko vyote katika miaka hiyo 60, hata kuliko miaka ya Nuta ambayo wazee wanaililia. Ni hapo ilipothibitika kwamba msondo haukuwa mali ya waimbaji waliouanzisha, kama ambavyo haukuwa mali ya chama kilichowalipa.

Na upinzani ulizaliwa. Msondo "Baba ya Muziki" upande huu, Sikinde "Ngoma ya Ukae" upande ule. Mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga, na kwenye sikukuu bendi hizo mbili ziliwekwa ukumbi mmoja zipokezane jukwaa. Watu walikwenda kupima nyimbo, mavazi, na mafumbo pia, maana mtunzi wa Dar es Salaam akiimba juu ya rafiki msaliti, nusu ya ukumbi hugeuka kutafuta anayesemwa. Ajabu ni kwamba kambi zote mbili zilikuwa na alama za vidole vya Gurumo. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1990, OSS ikiwa inaelekea ukingoni, na mashabiki wakampokea kama mtu aliyekwenda safari.

Nyumbani kulikuwa kumebadilika jina tena. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa mlangoni, na mwaka 1991 JUWATA ikatoa nafasi kwa OTTU. Ottu Jazz ilirithi vyombo, wanamuziki na ukumbi wa Amana, Ilala, lakini haikurithi nchi ileile. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na kila mfanyakazi aliyepunguzwa kazi alikuwa mchango mmoja uliopungua kwenye mfuko wa chama. Redio binafsi zikaanza, disko zikawa rahisi kuliko bendi ya watu kumi na watano, na kaseti zisizo na kibali zikauzwa kila kituo cha basi. Bendi za mashirika zilifungwa moja baada ya nyingine. Sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi ilipoanza kutumika mwaka 2000, OTTU yenyewe ikavunjwa.

Kwa mara ya kwanza tangu 1964 bendi haikuwa na mwajiri wala jina. Wanamuziki walijichukulia lile lililokuwapo midomoni mwa watu siku zote: Msondo Ngoma. Mapato ya mlangoni yakawa ndiyo mshahara. Walizunguka kumbi za Ilala, Temeke na Chang'ombe, na TX Moshi aliyafanya maisha hayo yawezekane kwa nyimbo kama "Piga Ua" na "Ajali", zilizosikika hata kwa watoto waliokuwa wamekwisha kuamini kwamba dansi ni muziki wa baba zao. Alifariki Machi 2006, na kwa mara nyingine ikatabiriwa kwamba Msondo imekwisha.

Gurumo alitangaza kustaafu Agosti 2013, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani. Mwaka huo mwanamuziki kijana Diamond Platnumz alimzawadia gari, na picha zikaenea. Kitendo kilikuwa cha uungwana na nampongeza aliyekitenda. Lakini mwanamuziki aliyeitumikia NUTA tangu chama hicho kilipozaliwa, ambaye sauti yake imepigwa redioni kwa miaka 50, hakupaswa kungoja hisani ya kijana ili apate gari. Aprili 2014 alifariki, akazikwa kwao Masaki.

Kwenye haki ya wanamuziki hao ndiko ninakotaka maadhimisho haya yaende. Nyimbo za Nuta na Juwata zimo kwenye kanda za redio ya taifa, na nyingi zimetapakaa mtandaoni, zikiwa zimeandikwa jina la bendi tu. Aliyemwajiri mtunzi ameshakufa kisheria, mara tatu. Mtunzi mwenyewe mara nyingi ameshakufa kweli. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na taasisi ya COSOTA iliyoundwa chini yake vinaweza kumsaidia mrithi, lakini kwanza lazima ijulikane mrithi wa nani. Kwa kila kanda kuna maswali manne ya kuulizwa: nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga solo, nani walipuliza. Wapo wazee Ilala, Kigoma na Kisarawe ambao ukiwapigia wimbo kwa sekunde kumi watakujibu yote manne, na watakuongezea aliyechelewa kufika studio siku hiyo. Wapelekewe kanda na daftari sasa, kabla ya sherehe nyingine yoyote.